Madonge ya Mbegu Yasipoota: Livunje Moja Uone Kilichotokea

Madonge ya mbegu ni viringe vya mfinyanzi na mboji vyenye mbegu ndani, vinavyokaushwa kisha kutupwa ardhini visubiri mvua. Yakigoma kuota, lawama ya kwanza huangukia mbegu. Mtu anatupa pakiti, anatafuta nyingine, anafinyanga upya kwa udongo uleule na kwa mkono uleule, kisha anavuna matokeo yaleyale. Mara nyingi mbegu haina kosa. Donge lina kazi mbili zinazovutana: kuikinga mbegu isipate maji kabla ya wakati, na kuipatia maji ya kutosha wakati ukifika. Matatizo mengi yaliyomo humu yanatokana na donge kushindwa moja ya kazi hizo mbili.

Kwa hiyo usikisie. Rudi pale ulipoyatupa, okota madonge matatu au manne kutoka sehemu zisizofanana, la kivulini, la juani, la bondeni, uyavunje katikati. Tazama mambo haya: udongo wa ndani ni mkavu au umelainika? Mbegu imevimba, au iko vilevile ulivyoiweka? Kuna kimzizi, ukungu, harufu, tundu la mdudu? Dakika tano za kuchunguza hivyo zitakuokolea msimu mzima.

Ili tuzungumze lugha moja, hiki ndicho kipimo ninachokilinganisha na vingine vyote: sehemu 5 za udongo wa mfinyanzi uliokauka, ukapondwa na kuchekechwa, sehemu 3 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu 1 ya mbegu. Kwa mbegu ndogo sana kama za mchicha, punguza hiyo sehemu ya mwisho hadi ibaki kidogo tu, maana kijiko kimoja kina mbegu nyingi kuliko unavyodhani. Changanya vikavu kwanza, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ushikane bila kunata mkononi. Viringisha madonge ya upana wa sentimita 2 hadi 2.5, au sentimita 1 hadi 1.5 kwa mbegu ndogo. Yaanike kivulini penye hewa kwa siku moja au mbili.

Donge linapasuka au kumong'onyoka kabla halijafika bustanini

Likimong'onyoka na kuwa vumbi, udongo wako si mfinyanzi, au ni mfinyanzi kidogo kwenye mchanga mwingi. Rangi haitoshi kukuambia. Kuna udongo mwekundu ambao haushikani hata kidogo. Chukua udongo mtupu, uloweshe, uviringishe upate kamba nene kama penseli, kisha uizungushe kidoleni. Ikizunguka bila kukatika, udongo unafaa. Ikikatika vipande, tafuta udongo wa chini zaidi, kwa sababu tabaka la juu mara nyingi lina mchanga na mabaki ya majani, na mfinyanzi hupatikana ukichimba. Unaweza pia kutia udongo theluthi moja ya chupa angavu, ukajaza maji, ukatikisa kwa nguvu, ukaiacha itulie. Mchanga hushuka upesi sana, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi ndio unaobaki ukiyachafua maji hadi kesho yake. Tabaka hizo zitakuonyesha una nini mkononi.

Nyufa pana na za ndani zina sababu nyingine: mfinyanzi mwingi mno, maji mengi mno, au jua kali. Mfinyanzi husinyaa unapokauka, na ngozi ya nje ikikauka haraka kuliko kiini, lazima ipasuke. Ongeza mboji, punguza maji, na usiku wa kwanza yafunike kwa kitambaa chepesi ili yakauke polepole. Nyufa nyembamba kama unywele ziache. Hazina madhara, na mvua ikija hupitisha maji.

Kama umeweka maharage au mahindi, jua kwamba mbegu kubwa hunywa maji ya udongo, hutanuka, na hulipasua donge kutoka ndani. Ushauri wangu ni kuziacha mbegu hizo nje ya madonge kabisa. Shimo la kidole linazifaa zaidi.

Jaribio la mwisho kabla ya kuyatoa nje: liangushe donge kavu kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ngumu. Likimeguka pembeni, si neno. Likisambaratika, rudi kwenye udongo.

Ukungu, au mbegu zinachipua zikiwa bado zinaanikwa

Mbegu huanza kunywa maji pale tu inapogusana na udongo mbichi. Haijui kwamba wewe ulikusudia kusubiri. Katika hali ya joto, mbegu za mchicha, figili na jamii ya kabichi zinaweza kutoa kimzizi ndani ya siku mbili au tatu, hivyo donge lililokaa na unyevu kwa muda huo limeshakuwa kitalu. Tiba iko kwenye ukaushaji. Yapange safu moja juu ya wavu au chekeche ili hewa ipite chini, yageuze asubuhi na jioni, na yafanye madogo. Donge lenye ukubwa wa limau huonekana zuri, lakini kiini chake hubaki na maji wakati nje kumeshakauka. Usiyatie kwenye oveni wala juu ya bati lenye jua kali, kwa sababu mbegu yenye unyevu huuawa na joto upesi kuliko mbegu kavu.

Yakishachipua, usiyakaushe tena. Kimzizi kikitoka hakuna kurudi nyuma, na ukikikausha kitakufa. Yapeleke ardhini siku hiyohiyo na uyamwagilie, kama unavyofanya kwa miche.

Ukungu mweupe juu ya ngozi ya donge usikutie hofu mapema. Mara nyingi ni kuvu wanaokula mabaki ya mboji, na hufa donge linapokauka. Vunja moja: mbegu ikiwa ngumu na harufu ni ya udongo, endelea kukausha. Harufu ya kuoza ikitoka ndani, kundi hilo limeharibika.

Watu wengi huyafunga kwenye mfuko wa plastiki mapema kwa kuwa nje yamekauka. Liguse donge kwenye shavu: likiwa na ubaridi kuliko vitu vingine vilivyomo chumbani, maji bado yanatoka ndani. Subiri. Yakishakauka kabisa, yahifadhi kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa, mahali pakavu pasipo joto, na uyatumie ndani ya wiki chache. Mbegu iliyokwisha kuloa mara moja haivumilii ghala kama ile ambayo haijawahi kuloa.

Limekaa wiki kadhaa, ndani ni kavu na mbegu haijabadilika

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na ndilo linalofanya watu wakate tamaa bila sababu. Anza na mvua. Rasharasha ya dakika chache hulowesha milimita chache za nje, na jua la saa sita huzikausha. Mbegu iliyoko katikati haijaonja kitu. Hilo si tatizo, ndiyo kazi ya donge: kusubiri mvua ya kweli. Kama mvua hazijashika, yaache.

Kama mvua zimeshika kwa wiki nzima na kiini bado kikavu, angalia limelala wapi. Donge lililoning'inia juu ya nyasi, juu ya jiwe au juu ya majani makavu hupata maji kutoka juu tu, na hewa hulikausha pande zote. Lile linalogusana na ardhi hunyonya unyevu kutoka chini hata mvua ikishakatika. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mimi siamini tena katika kuyarusha na kuondoka zake, isipokuwa pale ambapo mguu haufiki. Kwa bustani ya nyumbani, fukua nyasi kidogo, weka donge, likanyage kwa kisigino lizame nusu. Ukiweza, tandaza majani machache pembeni yake, si juu yake.

Likiwa limegusana vizuri na ardhi na bado ni gumu, shaka ihamie kwenye udongo. Chukua donge kavu ulilobaki nalo, liweke kwenye sahani yenye maji yanayofika nusu ya kimo chake. Donge zuri huanza kuporomoka pembeni muda si mrefu, na kesho yake kidole kinapenya hadi katikati bila kutumia nguvu. Likilala majini usiku kucha na kubaki kama kokoto, mojawapo ya mambo haya limetokea: mfinyanzi ni mwingi mno, umelisugua likang'aa kama chombo cha kufinyanga hadi ngozi yake imezibana njia za maji, au kuna gundi, unga au saruji uliyoongeza ili lishikane. Saruji isiingie kabisa kwenye kazi hii. Hugandisha moja kwa moja, na hufanya udongo uwe na ukali ambao mbegu nyingi hazivumilii. Dawa ya madonge magumu ni kuongeza mboji kwenye kundi lijalo na kuacha ngozi ikwaruze kidogo.

Hayo uliyo nayo hayajapotea. Yalainishe kwa maji, yaponde, changanya na mboji, uyasambaze ardhini siku hiyohiyo yakiwa mabichi.

Donge limelainika, mbegu imevimba na kuoza

Maji yamefika, lakini kitu kimeiua mbegu. Kwanza, samadi mbichi. Samadi ambayo haijaiva hutoa amonia na huwa na chumvi, na mbegu iliyofungiwa humo haina pa kukimbilia. Ukiona ukoko mweupe wa chumvi kwenye ngozi ya donge lililokauka, hapo pana ushahidi. Vivyo hivyo kwa mbolea ya chumvichumvi ya viwandani, ambayo wengine huongeza kwa nia njema. Chipukizi hubeba chakula chake cha siku za mwanzo ndani ya mbegu, na haihitaji mbolea kali. Mboji iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, na huwezi kutambua ilitokana na nini.

Pili, maji yaliyotuama. Mfinyanzi uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, na mbegu inayoota inapumua. Madonge yaliyoviringika hadi kwenye kidimbwi yataoza hata kama yametengenezwa kwa ustadi wote. Angalia kama yale ya sehemu ya juu ya bustani yamepona. Yakiwa yamepona, kosa ni la mahali.

Donge limelowa vizuri, mbegu ni nzima, lakini haitaki kuamka

Hapa ndipo mbegu yenyewe inapoitwa kutoa ushahidi, na kuna njia ya haki ya kuihoji. Chukua mbegu 20 kutoka kwenye pakiti na nyingine 20 ulizozitoa kwenye madonge makavu yaliyobaki. Zifunge kila kundi kwenye karatasi laini au kitambaa chenye unyevu, uziweke sehemu moja, na uzikague kila siku kwa muda ambao mbegu za aina hiyo huchukua kuota. Kundi la pakiti likiota na la madonge likikataa, utengenezaji wako umeziumiza. Yote mawili yakiota, tafuta tatizo bustanini. Yote mawili yakikataa, ama mbegu zimekufa ama zimelala.

Zilizokufa hutokana na umri na uhifadhi. Mbegu za kitunguu hupungua nguvu haraka, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati za nyanya hukaa miaka kadhaa zikiwa bado nzima.

Zilizolala ni habari nyingine. Mimea mingi ya jamii ya kunde, migunga ikiwemo, ina ganda gumu lisilopitisha maji. Mbegu ya namna hiyo inaweza kukaa kwenye donge lililolowa kwa miezi bila hata kuvimba. Ikwangue kwa msasa upande mmoja hadi ganda lififie, bila kufika kwenye kiini, kisha ndiyo uiweke kwenye donge. Wengine huloweka kwa maji yaliyotoka kuchemka na kuyaacha yapoe usiku kucha. Njia hiyo inaamsha mbegu vizuri, lakini haipatani na kukausha: mbegu imeshaanza safari, nawe unaifungia kwenye udongo wa kuanikwa. Ukiloweka, tupa madonge yakiwa mabichi, kwenye ardhi yenye maji. Ukitaka kuyahifadhi, kwangua tu. Kuna pia mimea ya nchi zenye baridi kali ambayo mbegu zake hazifunguki mpaka zipitie majuma ya baridi na unyevu. Hizo huwekwa ardhini kabla ya majira ya baridi, zipitie humo zenyewe.

Sababu ya mwisho ni kina. Mbegu hupenda kufunikwa kwa udongo usiozidi mara mbili au tatu ya unene wake. Katikati ya donge la sentimita 2.5, mbegu iko zaidi ya sentimita moja ndani, na kwa mbegu laini kama vumbi huko ni kaburini. Tena baadhi, kama aina nyingi za saladi na maua kadhaa yenye mbegu ndogo, huota vizuri zikipata mwanga. Kwa hizo, viringisha donge tupu, kisha ulibingirishe juu ya mbegu likiwa bado bichi ili zishike kwenye ngozi. Utapoteza sehemu ya kinga dhidi ya ndege, lakini bora kupoteza kiasi kuliko kuzizika zote.

Imeota, kisha ikafa

Ng'oa maiti uitazame, hata kama moyo unauma. Mzizi ukiwa umekauka juu ya uso wa ardhi, umefika nje ya donge ukakuta pagumu. Ardhi iliyokanyagwa na kushindiliwa haipenyeki na mzizi mchanga, na donge peke yake halina chakula wala maji ya kuulea mmea. Kwangua ardhi kwa reki au jembe, sentimita mbili tatu tu zinatosha. Chanzo kingine cha kifo hiki ni mvua ya uongo: inanyesha siku mbili, mbegu inaamka, kisha ukame wa wiki mbili. Kwa hiyo usiyatoe kwa mvua ya kwanza. Ngoja mvua ziungane, au jitayarishe kumwagilia hadi uone majani ya kweli, siyo yale mawili ya mwanzo.

Shina likiwa limelainika na kunywea usawa wa udongo, mche ukalala chini kama umekatwa, huo ni kinyausi. Unaletwa na vimelea wa udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, na hustawi penye msongamano, unyevu usiokauka na hewa isiyopita. Hakuna cha kuwafanyia miche iliyokwisha kulala. Kwa iliyosimama, punguza maji na uipunguze idadi.

Msongamano wenyewe huanzia mezani kwako. Mbegu 3 hadi 5 kwa donge zinatosha kwa mimea mingi ya kimo cha kawaida, na kwa miti 1 au 2. Donge lenye mbegu 30 huota kwa fujo, likakupa furaha ya wiki moja, kisha miche inagombea maji hadi yote inadumaa. Ikishatokea, chagua mmoja au miwili yenye nguvu na ukate mingine kwa mkasi. Ukiing'oa, utang'oa na mizizi ya ile unayoitaka.

Donge lenyewe halionekani

Kwenye mteremko, tazama chini kabla ya kulaumu wanyama. Madonge huviringika na kukusanyika mahali pamoja. Yafanye bapa kidogo, au chimba vijishimo vya kuyashikilia.

Ukikuta vipande vya udongo bila mbegu, kuna aliyekula. Mjapani Masanobu Fukuoka (1913–2008), mkulima wa kisiwa cha Shikoku ambaye ndiye aliyeieneza njia hii katika zama zetu, alizifunika mbegu za nafaka kwa mfinyanzi hasa ili ndege na panya wasizile. Mfinyanzi ndio ngao. Watu wanaopunguza mfinyanzi na kujaza mboji ili mmea upate chakula wanaibomoa ngao hiyo, na harufu ya mboji inawaita wageni. Panya na ndege wakikusumbua, rudi kwenye mfinyanzi mwingi, hakikisha hakuna mbegu iliyochungulia nje, na uongeze unga wa pilipili kali kidogo kwenye mchanganyiko. Pilipili huwazuia panya, lakini ndege hawausikii ukali wake, kwa hiyo usiitegemee dhidi yao. Sisimizi hupita kwenye nyufa na kubeba mbegu ndogo moja moja. Kwao, ziba nyufa kwa udongo uliolowa na usiweke madonge karibu na njia zao.

Uliweka aina sita, imeota moja

Aina iliyoota ni ile yenye haraka. Imetoka siku ya tatu, ikatandaza majani, na zile za siku ya kumi na tano zimekuta giza. Kuchanganya kila kitu kwenye donge moja kunapendeza ukiwa unatengeneza, lakini mimea haina adabu ya kusubiriana. Tengeneza madonge ya kila aina peke yake, yatie alama kwa ukubwa au kwa vumbi la mkaa juu ya ngozi, kisha yachanganye wakati wa kuyatawanya, hatua moja kati ya donge na donge. Zile za polepole ziweke sehemu ambayo nyasi hazijashika, na uwe unazifyekea mpaka zipate kimo.